Kanda ya Saba

Riga, Novemba. Saa tatu asubuhi na giza bado halijajua liende wapi.
Nimekuja na drili, mita mia mbili za waya,
swichi za sumaku ishirini na nne,
na king'ora chekundu nilichokipakata kama mtoto aliyelala.
Wakazi wamepiga kura: kumi na tisa ndiyo, mmoja hapana.
Huyo mmoja ndiye aliyenifungulia lango.

Dzidra Vītola. Miaka thelathini na mmoja
katika kibanda cha chini ya ngazi.
Leo kaagizwa anizungushe nyumba nzima
ili kuanzia kesho nyumba isimhitaji.

Hakununa. Alitangulia na kandambili zake juu ya soksi za sufu.
"Hapo usitoboe," akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
"nyuma yake kuna bomba lililonizidi umri."
Nikagonga nami.
Ukuta ukanyamaza, kana kwamba haujanitambua.
Nikatoboa pembeni. Vumbi la matofali likamshukia miguuni;
hakulipangusa.

Nikamweleza, maana wenyeji huelezwa:
sumaku hii hukaa kwenye fremu, mwenzake kwenye bawa la dirisha.
Zikikaribiana, umeme hupita na nyumba hulala.
Zikiachana, hata kwa upana wa kidole,
king'ora hulia.
"Hata kwa upana wa kidole?" akauliza.
"Arvīds alihamia Liepāja na sahani nusu.
Hakuna kilicholia."

Kanda ya kwanza, lango. Ya pili, ngazi,
ambako nilifunga kihisi kinachonusa joto la miili.
Akakitazama kidude hicho cheupe, kidogo kuliko yai.
"Kitajua kwamba kijana wa ghorofa ya nne
huvua viatu anapokuwa amelewa?
Mimi humjua kwa kutomsikia."
Sikuwa na jibu. Kitabu cha maelekezo kina kurasa sabini
na hakuna hata moja inayozungumzia soksi.

Ya tatu, ya nne. Chai. Ya tano, dari, na njiwa aliyekufa. Ya sita.

Kanda ya saba ni dirisha la chumba cha boila,
dogo, usawa wa theluji, linatazama uani.
Akaweka kiganja juu ya kioo.
"Hili acha."
"Mkataba unasema yote."
"Nje kuna baridi, fundi."

Hapo ndipo nilipoona, nyuma ya boila,
blanketi lililokunjwa pande nne,
daftari la hesabu,
na kikombe cha plastiki chenye picha ya kalunguyeye.
Sikumuuliza ni wa mlango namba ngapi.
Wala sikumuuliza ni baba au ni mama
anayekomea mlango kwa ndani usiku.

Nikakata kipande cha waya, kirefu kama kidole gumba,
nikakiunganisha ncha kwa ncha ndani ya boksi,
nikaziba kwa utepe mweusi.
Paneli ikawasha taa ya kijani. Itaiwasha hivyo daima,
dirisha likiwa wazi, likiwa limefungwa, hata likivunjwa.
Nikaandika kwenye fomu: *Kanda ya saba, imefungwa.*
Waisome watakavyo.

Saa kumi tukajaribu king'ora. Kilipasua ua mzima,
kunguru wakaruka kutoka kwenye mlinzi.
Mapazia mawili yakasogea, yakarudi.
Hakuna aliyeshuka.
"Mimi nilikuwa nikipiga sufuria kwa mwiko," akasema,
"wakashuka na mashoka."

Hakupewa namba ya siri. Kamati itaigawa kwa barua.
Akanisaidia kukunja waya uliobaki,
mizunguko iliyolingana, ya mtu aliyewahi kufuma.

Nikatokea uani kuelekea garini, giza tayari limerudi.
Kwenye kizingiti cha dirisha lile dogo
kulikuwa na alama ya kiatu kwenye barafu,
namba thelathini na tatu, au nne.
Nilikuwa na kitambaa mkononi.
Nikafutia miwani.